Historia ya Sheria za Ulaya: Elimu Inayogusa Ziwa Letu na Vitabu vya Parokia Zetu



Wapendwa waamini, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa hufika parokiani pamoja na wazazi wao kuomba ushauri juu ya masomo ya chuo kikuu. Mazungumzo huelekea upesi kwenye udaktari, ualimu, uhasibu na uhandisi. Anapotokea kijana anayependa historia na sheria kwa pamoja, tena sheria za kale zilizotoka Ulaya, wazazi huguna na kuuliza: elimu ya namna hiyo itamlisha nani? Swali hilo ni la haki, kwa maana ada ya chuo hutoka kwenye kahawa, mahindi na samaki, na kila shilingi ina jasho ndani yake.

Katika makala hii tunapenda kulijibu kwa utaratibu. Tutaeleza elimu hii ni nini, inagusaje maisha yetu, kazi zake ni zipi na husomwa wapi. Tunatangulia kusema jambo moja ambalo mengine yote yatalifafanua: sehemu kubwa ya haki zetu, tangu ndoa zetu hadi maji ya ziwa letu, imesimama juu ya maneno yaliyoandikwa Ulaya zamani, na asiyeweza kuyasoma maneno hayo hulazimika kumtegemea mwingine amsomee.

Historia ya sheria ni elimu gani?

Mwanasheria wa kawaida huuliza sheria inasema nini leo. Mwanahistoria wa sheria huuliza sheria hiyo ilitoka wapi, iliandikwa na nani, kwa lugha gani na kwa kusudi gani, na ilitumikaje kwa watu halisi. Anaposoma neno katika mkataba wa zamani, haridhiki na maana ya neno hilo katika kamusi ya leo. Hutafuta waliolitumia siku ile walikuwa wanakusudia nini.

Sheria za Ulaya zina mizizi mikuu miwili. Wa kwanza ni sheria ya Kirumi, ambayo Kaisari Yustiniani aliagiza ikusanywe na kuandikwa upya kati ya mwaka 529 na 534. Wa pili ni sheria ya Kanisa. Yapata mwaka 1140, huko Bologna nchini Italia, mwalimu aitwaye Grasiano alikusanya maelfu ya maamuzi ya mitaguso, mapapa na mababa wa Kanisa, akayapanga ili yale yaliyoonekana kupingana yaweze kupatanishwa. Kutokana na mizizi hiyo miwili vyuo vikuu vya Ulaya vilifundisha sheria ya pamoja kwa karne nyingi. Baadaye mataifa yalijitungia vitabu vyao: Ufaransa mwaka 1804, na Ujerumani ikaanza kutumia chake mwaka 1900. Uingereza ilishika njia yake yenyewe, ambamo maamuzi ya mahakimu wa kale huwa mwongozo kwa mahakimu wanaofuata.

Sheria hizo zilifika kwetu pamoja na wakoloni. Zilitangulia zile za Wajerumani, kisha zikaja za Waingereza. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyoingiza Tanganyika sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na ya wenyeji wake ilivyoruhusu. Tarehe hiyo haikufutika tulipopata uhuru. Hata leo sheria ya Tanzania inayoongoza kazi ya mahakama inaitaja, na pale ambapo sheria zetu wenyewe zimenyamaza, hakimu anaweza kulazimika kuuliza Mwingereza wa mwaka 1920 alikuwa na kanuni gani. Mtu anayefungua shauri katika mahakama zetu anaweza kukutana na historia hiyo pasipo kujua.

Mfano wa kwanza: vitabu vya parokia

Tuanze na mfano ulio karibu zaidi. Wachumba wanapokwenda kwa paroko kuandikisha ndoa, huambiwa walete cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, hata kama wanacho cha zamani kilichotunzwa vizuri sandukuni. Wengi hudhani ni usumbufu wa ofisi. Sababu yake imo katika historia.

Karne nyingi zilizopita, huko Ulaya, mwanamume na mwanamke waliweza kufunga ndoa halali kwa kupeana ahadi wao wawili tu, mahali pa siri. Matokeo yake yalikuwa machungu. Mwanamume aliweza kumkana mke wake na kuoa mwingine hadharani, na yule wa kwanza hakuwa na shahidi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamua kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi, na kwamba paroko atunze kitabu cha kuandikia ndoa. Mwaka 1907, chini ya Papa Pio wa Kumi, iliongezwa kanuni kwamba ndoa iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo, pembeni mwa jina la aliyeoa au kuolewa. Kwa hiyo cheti kipya cha ubatizo huonyesha kama mtu ameshafunga ndoa mahali pengine. Karatasi ile ndogo ni kinga ya binti asidanganywe, na kinga ya watoto wasinyimwe jina.

Hata msimamizi wa Kanisa Kuu letu la Mbinga, Mtakatifu Kiliani, anatukumbusha jambo hili. Mapokeo yasema kwamba askofu huyu mmisionari aliuawa Würzburg, Ujerumani, yapata mwaka 689, kwa sababu alimwambia mtawala wa huko kuwa ndoa yake na mjane wa ndugu yake haikukubaliwa na sheria ya Kanisa. Sheria ya ndoa ina historia, na katika historia hiyo imo damu ya watu.

Mfano wa pili: mstari katika ziwa

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao unawagusa ndugu zetu wa Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vyote vya mwambao. Mvuvi anayeshusha mtumbwi wake jioni kwenda kutafuta dagaa au mbasa anaingia katika maji ambayo mataifa mawili yamebishana juu yake kwa zaidi ya nusu karne. Ubishi huo una asili yake katika karatasi iliyotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890.

Siku hiyo Ujerumani na Uingereza ziligawana maeneo makubwa ya Afrika. Katika mkataba huo huo Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Ibara ya kwanza ilieleza mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani: mstari unafuata mto Ruvuma, kisha unaelekea magharibi hadi Ziwa Nyasa, na toka hapo unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi mdomo wa mto Songwe. Maneno hayo yakisomwa kama yalivyo, mpaka unapita ufukweni, na maji yote yanabaki upande wa pili.

Lakini mkataba huo una ibara nyingine. Ibara ya sita ilisema kwamba mistari yote iliyochorwa inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya mataifa hayo mawili, kulingana na mahitaji ya mahali. Je, mistari ya ziwani iliwahi kurekebishwa? Baadhi ya ramani za enzi ya Waingereza, walipokuwa wakitawala pande zote mbili za ziwa, zilionyesha mpaka katikati ya maji, na nyingine zilionyesha mpaka ufukweni. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Malawi, iliyopata uhuru Julai 1964, inashikilia maneno ya mkataba wa 1890. Tena inataja azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwezi huo huo wa Julai 1964, kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Tanzania, iliyoandika rasmi kwa Malawi juu ya jambo hili mwaka 1967, inashikilia kwamba desturi ya mataifa ni kuigawa mito na maziwa katikati, na inataja ramani za zamani pamoja na ibara ile ya sita. Mwaka 2012, baada ya habari za utafutaji wa mafuta ziwani kuamsha wasiwasi, nchi zetu mbili zilikubaliana kupeleka suala hili kwa usuluhishi wa viongozi wastaafu wa Afrika, chini ya Rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano. Suluhisho la mwisho bado linasubiriwa.

Si kazi ya makala hii kutoa hukumu kati ya mataifa mawili ndugu. Tunataka waamini waone jambo moja tu: hoja za pande zote mbili ni hoja za historia ya sheria za Ulaya. Hata kanuni ya kuheshimu mipaka ya siku ya uhuru ina jina la Kilatini, uti possidetis, maana yake kama mnavyomiliki. Asili yake ni amri ya hakimu wa Kirumi iliyomlinda aliyekuwa anakalia shamba au nyumba asiondolewe kwa nguvu. Karne ya 19 ilitumika Amerika ya Kusini kuhusu mipaka ya nchi. Desemba 1986, mwezi ule ule ambamo Jimbo letu la Mbinga liliundwa, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitumia kanuni hiyo kuamua shauri la mpaka kati ya Burkina Faso na Mali. Neno lililozaliwa katika shamba la Mrumi limefika hadi kwenye mitumbwi yetu.

Majirani zetu wa kusini wanatupatia fundisho jingine. Mwaka 1891 Uingereza na Ureno nazo ziliweka mpaka wa Msumbiji kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hili hili. Mwaka 1954 zilikubaliana kuusogeza hadi katikati ya maji, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki upande ambao leo ni wa Malawi. Kwa hiyo mstari wa ufukweni unaweza kubadilishwa kwa mapatano, bila risasi hata moja. Ila yapasa kuwe na watu wanaojua nini kiliandikwa, nini kilibadilishwa, na kwa mamlaka gani.

Mahakama ilivyousoma mkataba ule ule

Pengine msomaji atasema: mambo ya 1890 yamepita, nani atayafukua? Jibu ni kwamba yameshafukuliwa mahakamani. Mkataba ule ule wa 1890 uliweka pia mpaka kati ya maeneo ambayo leo ni Namibia na Botswana, kwenye mto Chobe. Katika mto huo kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kasikili kwa Wanamibia na Sedudu kwa Wabotswana, chenye ukubwa wa kilometa za mraba tatu na nusu hivi. Nchi hizo mbili zilikubaliana kulipeleka shauri lao katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague.

Mahakimu walisoma mkataba katika lugha zote mbili. Nakala ya Kiingereza ilisema mpaka hupita katikati ya mkondo mkuu. Nakala ya Kijerumani ilitumia neno Thalweg, yaani mstari unaofuata sehemu yenye kina zaidi ya mto. Walipima kina cha maji, wakatazama kamusi za zamani, wakachunguza mazungumzo yaliyotangulia kutiwa saini, na wakapitia ramani pamoja na taarifa za maofisa wa kikoloni. Tarehe 13 Desemba 1999 Mahakama iliamua kwa kura 11 dhidi ya 4 kwamba mkondo mkuu ni ule wa kaskazini, na kwamba kisiwa ni cha Botswana.

Katika hukumu ile kuna fundisho ambalo wavuvi na wakulima wetu wanapaswa kulisikia vizuri. Namibia ilieleza kwamba watu wa kabila la Masubia, wa upande wake, walikilima kisiwa hicho kwa miaka mingi. Mahakama haikukataa kwamba walilima. Ilisema kwamba walifanya hivyo kwa majira na kwa mahitaji yao wenyewe, na haikuthibitika kwamba walikuwa pale kwa niaba ya mamlaka ya nchi. Maana yake ni kwamba kusema babu zetu walivua hapa tangu zamani, ingawa ni kweli na ni neno la heshima, huenda kusitoshe mbele ya mahakimu. Huulizwa pia: ni nani aliyetoa leseni ya uvuvi? Kodi ilikusanywa na nani? Ugomvi wa nyavu ulipotokea majini uliamuliwa katika baraza gani? Majibu ya maswali hayo yamo katika mafaili. Faili likiliwa na mchwa, ushahidi umeliwa.

Hata hivyo hukumu ile haikuwasahau watu. Ilitamka kwamba raia wa nchi zote mbili, na vyombo vyao, watatendewa sawa katika mikondo yote miwili ya mto. Mpaka uliamuliwa bila kumfungia mtu njia ya riziki. Ni tumaini letu kwamba ziwani kwetu nako, mstari wowote utakaokubaliwa, mvuvi wa Mbamba Bay na mvuvi wa Nkhata Bay wataendelea kusalimiana majini kama ndugu.

Kanisa na historia hii

Yatupasa kusema ukweli pia juu ya Kanisa lenyewe. Mwaka 1493 Papa Aleksanda wa Sita alitoa hati zilizowapa wafalme wa Hispania haki juu ya nchi walizozifikia ng'ambo ya bahari. Watawala walizitumia hati za namna hiyo kuhalalisha kunyang'anya ardhi za wenyeji. Katika Kanisa hilo hilo zilisikika sauti nyingine. Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu alifundisha kwamba wenyeji wa nchi hizo ni binadamu kamili, na kwamba hawapaswi kunyimwa uhuru wala mali zao. Mwaka 1539 Francisco de Vitoria, mtawa Mdominikani na mwalimu wa Salamanca, alifundisha kwamba watu wale walikuwa wamiliki halali wa nchi zao kabla Mhispania hajafika, na kwamba kutokuwa Wakristo hakukuwaondolea haki hiyo. Mafundisho yake yamehesabiwa kati ya misingi ya sheria ya kimataifa. Tarehe 30 Machi 2023 Makao Makuu ya Kanisa yalitangaza wazi kwamba Kanisa linayakataa mawazo yaliyohalalisha unyang'anyi ule.

Mwamini asiyeijua historia hii huweza kunyamazishwa na yeyote amwambiaye kwamba Kanisa lilikuwa upande wa wakoloni tu, au na yeyote amwambiaye kwamba Kanisa halikukosea kamwe. Anayeijua husimama katika ukweli wote.

Kanisa limewahi pia kutumia elimu hii kuzuia vita. Desemba 1978 Argentina na Chile, nchi mbili za Kikatoliki, zilikaribia kupigana kwa ajili ya visiwa vidogo vitatu kwenye mlangobahari wa Beagle. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtuma Kardinali Antonio Samorè, naye alisafiri kati ya miji mikuu ya nchi hizo mpaka zikakubali usuluhishi. Kazi ya kupitia mikataba, ramani na madai ilichukua miaka. Tarehe 29 Novemba 1984 nchi hizo zilitia saini mkataba wa amani na urafiki huko Vatikani. Sala zilikuwapo, na pamoja na sala walikuwapo watu wenye subira ya kusoma karatasi za zamani.

Maandiko Matakatifu yanahesabu kusogeza mpaka wa jirani kuwa dhambi (Kum 19:14), na tunakumbuka jinsi Nabothi alivyouawa kwa ajili ya shamba alilorithi kwa baba zake, baada ya barua kuandikwa kwa jina la mfalme na mashahidi wa uongo kusimamishwa (1 Fal 21). Angalieni kwamba dhuluma ile ilipitia kwenye maandishi na baraza. Haki nayo inahitaji watu wanaojua maandishi na baraza.

Kazi yenyewe, na mahali inaposomwa

Mwanahistoria wa sheria hufanya kazi gani? Anafundisha chuo kikuu, anaandika vitabu, anatunza nyaraka, anaishauri serikali katika mambo ya mipaka na mikataba, au anatumikia katika mahakama za Kanisa kama hakimu au mtetezi wa kifungo cha ndoa. Wengi huunganisha kazi hii na uwakili au ualimu, kwa kuwa nafasi za utafiti mtupu ni chache na hugombewa. Tusimfiche kijana jambo hilo. Njia hii haina utajiri wa haraka, na safari ya shahada ya kwanza, ya pili hadi ya uzamivu ni ndefu. Anayeianza aanze na shahada ya sheria iliyo kamili, ili awe na kazi mkononi hata kama milango ya utafiti itachelewa kufunguka.

Nchini mwetu, kitivo cha sheria ndicho kilichoanzisha masomo ya chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1961. Vyuo vyetu vya Kikatoliki, Mtakatifu Augustino Mwanza na Ruaha Iringa, navyo hufundisha sheria. Sheria za Kanisa husomwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, na huko Roma katika vyuo vya kipapa kama Urbaniana na Gregoriana. Kozi ya lisensiati ya Sheria za Kanisa huchukua miaka mitatu, nayo iko wazi kwa walei na watawa, si kwa mapadre peke yao. Frankfurt, Ujerumani, ipo Taasisi ya Max Planck iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya historia ya sheria za Ulaya. Tangu mwaka 2021 jina lake halitaji tena Ulaya peke yake, kwa sababu watafiti wake wametambua kwamba historia ya sheria za Ulaya haieleweki bila historia ya nchi zilizotawaliwa. Taasisi hiyo hupokea watafiti kutoka mabara yote na hutoa misaada ya masomo kwa baadhi yao.

Nyenzo kuu ya kazi hii ni lugha. Mtafiti anahitaji Kiingereza kizuri, Kilatini cha kutosha, na kwa historia yetu, Kijerumani, pamoja na uwezo wa kusoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kufundishwa. Mafaili ya utawala wa Wajerumani yako katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani jijini Berlin. Ya Waingereza yako Dar es Salaam na Kew, London. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, waliandika mengi kwa lugha yao. Uhusiano wa kidugu kati ya Jimbo letu na Jimbo la Würzburg umewafungulia baadhi ya vijana wetu nafasi ya kujifunza Kijerumani. Nafasi hiyo isiishie kwenye salamu na nyimbo.

Maswali ya kutafiti hayakosekani. Wazee wa Kingoni walionyongwa Songea Februari 1906 baada ya vita vya Maji Maji walihukumiwa kwa sheria ipi? Mila za Wamatengo juu ya ardhi na urithi zilipokelewaje na mabaraza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza? Maneno mahitaji ya mahali, katika ile ibara ya sita, yaliwahi kutumiwaje na maofisa wa pande mbili za ziwa? Inafaa maswali haya yajibiwe pia na mtu anayejua Kimatengo au Kinyasa, ambaye jina la kijiji likitajwa katika faili anajua ni wapi na ni akina nani.

Tufanye nini?

Kwa wazazi, tunaomba kijana mwenye kipaji cha lugha na historia asivunjwe moyo kwa kejeli. Apimwe kwa bidii yake, aelezwe ugumu wa njia, kisha asindikizwe.

Kwa vijana wetu walio sekondari, anzeni na lugha, na someni somo la historia kwa kuuliza hati iko wapi na iliandikwa na nani. Anayefikiria upadre au utawa ajue kwamba mahakama za Kanisa zinahitaji watumishi, na ndoa nyingi zenye shida husubiri kwa muda mrefu kwa sababu watumishi hao ni wachache.

Kwa halmashauri za parokia na viongozi wa vigango, tunakumbusha kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 491 na ya 535, inaagiza nyaraka za parokia zitunzwe kwa uangalifu, na hasa vitabu vya zamani. Kabati lisilopitisha maji, orodha iliyoandikwa vizuri na dawa ya mchwa havigharimu kama jengo jipya. Vitabu vya ubatizo vya miaka mia moja iliyopita vina majina ya watu, vijiji na wazazi ambayo huenda hayapatikani mahali pengine popote duniani. Wazee wenye stakabadhi za kodi, leseni za uvuvi au barua za mabaraza ya zamani wasizichome wakati wa kusafisha nyumba. Wawaonyeshe kwanza watoto wao waliosoma, au wazilete parokiani.

Haki ya mtu mdogo mara nyingi hulala ndani ya karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Tumwombe Mungu atuinulie, kutoka milima ya Umatengo na mwambao wa Nyasa, wanawake na wanaume wenye subira ya kuisoma na uaminifu wa kusema ilichoandikwa, hata pale kisipowapendeza watu wao. Mtakatifu Kiliani, shahidi, atuombee.